Tangi lililokula sampuli zangu

Mitihani ilinibana, halafu tangi la maabara likanimalizia kabisa. Nilikuwa na vipande sita vya kioo vilivyopakwa alumini nyembamba, vya mradi wangu wa mwaka wa tatu. Nikaona vina vumbi, nikavitia kwenye tangi linalosafisha kwa mawimbi ya sauti tusiyoisikia, dakika kumi. Kuvitoa, alumini imetoboka kama chandarua kikuukuu. Kazi ya wiki tatu jamani! Fundi wa maabara, mzee wetu, akaniuliza, "Mwanangu, nguvu yake ulipima?" Nikamwambia, "Mzee, si imeandikwa wati 100 pale ubavuni?" Akacheka tu.

Kicheko kile ndicho kilichonipeleka maktaba. Kumbe kinachosafisha ni viputo. Wimbi linavuta maji mpaka vinazuka vitupu vidogo, kisha linavibana, vinaporomoka kwa kishindo na kukwangua uchafu. Waingereza walivijua kwanza kama adui. Mwaka 1894 manowari HMS Daring ilipojaribiwa, rafadha yake ikizungushwa kasi sana ilipoteza msukumo, inazunguka ndani ya mapovu. Charles Parsons naye alikwama hapo hapo na chombo chake Turbinia. Mwaka 1895 akatengeneza tangi dogo la kutazamia viputo hivyo, akabadili mpango mzima: mihimili mitatu, rafadha tisa. Mwaka 1897 Turbinia ikawapita wakubwa wa jeshi la majini kule Spithead kwa mwendo wa noti 34 hivi. Mwaka 1917 Lord Rayleigh akapiga hesabu ya kiputo kinachoporomoka, akaonyesha shinikizo linavyoweza kuwa kubwa mno.

Wakati huo huo Paul Langevin, Mfaransa, alikuwa akitafuta nyambizi kwa mawimbi haya, na samaki waliopita mbele ya chombo chake wakafa. Yaani nguvu ilionekana mapema. Ila matangi ya kusafishia yalienea viwandani kuanzia miaka ya 1950, na swali la mzee wetu likazaliwa: nguvu hiyo ni kiasi gani, na iko wapi ndani ya tangi?

Wati za ubavuni zinasema umeme unaoingia. Hazisemi kinachokipata kifaa chako. Ukijaza vyuma vingi, kila kimoja kinapata kidogo. Maji mapya yana hewa iliyoyeyuka, inafanya kama godoro chini ya kishindo, ndiyo maana tangi huachwa liungurume tupu kwanza. Halafu mawimbi yanajipanga matabaka: kwa mitetemo 40,000 kwa sekunde, tabaka kali hurudi kila sentimeta 1.9 hivi. Mkasi wa hospitali ukikaa pabaya, damu inabaki kwenye bawaba. Hilo si suala la mradi wa mwanafunzi tena.

Dawa ya matabaka ni kuyumbisha mitetemo juu na chini kidogo, yasitulie pamoja. Ukiongeza mitetemo, viputo vinakuwa vidogo na wapole. Sampuli zangu zilihitaji hivyo, au zisingeingia kabisa.

Kipimo kinachonifurahisha ni foili ya jikoni. Unaining'iniza wima majini kwa muda mfupi, sawa kila mara, unasoma matundu. Ina kasoro, unene ukibadilika na jibu linabadilika, na vipande vyake vinachafua maji. Wapo wanaotumia haidrofoni kusikiliza kelele za viputo, na mwaka 2019 tume ya kimataifa ya IEC ilitoa waraka wa kiufundi, IEC TS 63001, wa kupima kelele hizo. Miaka zaidi ya 120 tangu Daring! Sisi haidrofoni hatuna.

Kesho saa nne zamu ya tangi ni yangu. Mama lishe wa pale getini kanikatia foili, kauliza mara mbili kama nakwenda kuchoma samaki.