Hita ya Motokaa: Historia ya Kifaa na Tatizo la Istilahi

Mfasiri anayepewa kitabu cha matengenezo ya motokaa kilichoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi hukutana mapema na sura ambayo haina mwenziwe katika mazingira ya pwani yetu. Injini inanguruma, feni inavuma, kipini kimezungushwa hadi kwenye alama nyekundu, na bado hewa itokayo ni ya baridi. Wasomaji wetu wa Makete na Njombe, ambako jalidi huonekana mwezi wa Juni na Julai, wataielewa hali hiyo upesi kuliko sisi tulioko Dar es Salaam. Lakini ugumu wa sura hiyo si wa hali ya hewa peke yake. Ni ugumu wa istilahi, na chimbuko lake limo katika historia ya kifaa chenyewe.

Tuanze na jina. Katika maandishi mengi ya kujifurahisha husemwa kwamba hita ya motokaa ilibuniwa na Bibi Margaret A. Wilcox wa Chicago, aliyepata hataza yake mwaka 1893. Mwaka ni sahihi na jina ni sahihi. Kilichopotoka ni maana ya neno. Neno la Kiingereza "car", kwa Mmarekani wa siku hizo, lilikuwa kwanza behewa la reli. Motokaa yenyewe ilikuwa bado haijajulikana: ndugu wawili wa ukoo wa Duryea waliijaribu ya kwao katika mji wa Springfield, Massachusetts, mwezi wa Septemba wa mwaka huo huo. Msomaji wa Kiswahili asicheke, kwani neno letu gari limepita njia iyo hiyo. Lilitufikia kutoka Bara Hindi, likavutwa na ng'ombe na punda, likawa gari la moshi, kisha likaiandama motokaa mpaka likakaribia kuimeza. Anayefasiri habari za mwaka 1893 kwa kuandika "hita ya gari" bila maelezo amelitoa behewa relini na kulitia barabarani.

Motokaa za mwanzo zilikuwa wazi. Abiria walijifunika mablanketi na ngozi za wanyama, na miguuni waliweka visanduku vya makaa au matofali yaliyopashwa moto jikoni. Wakati huo hita ilikuwa ni moto hasa, uliobebwa kutoka nyumbani. Zilipoanza kujengwa motokaa zenye paa na vioo pande zote, wahandisi walilitazama bomba la moshi, ambalo joto lake lilikuwa likipotea bure. Walilizungushia ganda la bati, hewa ikapita kati ya ganda na bomba, ikaingia kwa abiria kupitia tundu la sakafuni. Ford Model A, iliyoundwa baina ya mwaka 1927 na 1931, iliweza kufungwa hita ya namna hiyo. Ilipasha joto upesi, lakini bomba likitoboka, moshi ulifuata njia ya hewa, na ndani yake mna kaboni monoksaidi, gesi inayoua bila harufu wala rangi. Volkswagen ya umbo la kobe, ambayo injini yake hupozwa kwa hewa na haina maji, iliendelea na kanuni hiyo kwa miongo mingi.

Mageuzi makubwa yalikuja katika miaka ya 1930, maji ya injini yalipochukua nafasi ya bomba la moshi. Takriban theluthi moja ya nguvu iliyomo katika mafuta huishia kwenye maji yanayoipoza injini. Mipira miwili ilichukua sehemu ya maji hayo hadi kwenye rejeta ndogo chini ya dashibodi, na feni ikapuliza hewa kupitia humo. Mwaka 1938 kampuni ya Nash ilitoa mtambo uliovuta hewa safi kutoka nje na kuichuja; mwaka uliofuata ukaongezewa kidhibiti cha joto na kuitwa Weather Eye. Lililowezesha haya ni maji yasiyoganda. Prestone, iliyotokana na ethilini glikoli, iliingia sokoni mwaka 1927, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji hauanzi kuganda mpaka kiasi cha nyuzi 37 chini ya sifuri za Selsiasi. Tangu Januari 1968, sheria za Marekani zinataka motokaa mpya ziwe na mtambo wa kuondoa jalidi na ukungu kwenye kioo cha mbele. Hapo hita ilikoma kuwa anasa, kwa kuwa dereva asiyeona mbele ni hatari kwa waendao kwa miguu pia.

Jambo la msingi katika historia hii ni kwamba hita ya maji haizalishi joto. Huliazima. Dereva wa kwetu anayelijua gari lake hulithibitisha hilo bila kusoma fizikia: injini ikielekea kuchemka katika mlima kama Kitonga, hufungua hita hadi mwisho, akavumilia jasho, ili joto lipate njia nyingine ya kutokea. Basi hita inapopuliza baridi, aghalabu ugonjwa haumo katika hita. Umo katika safari ya maji.

Fundi wa nchi za baridi hufuata safari hiyo kwa mkono. Injini ikisha kupata joto, hugusa kwa hadhari mipira miwili inayopita kwenye ukuta unaotenga injini na abiria. Yote miwili ikiwa ya moto, maji yamefika, na kasoro iko kwenye kilango kinachochanganya hewa ya joto na ya baridi, au kwenye kebo au mota inayokisukuma. Mmoja ukiwa wa moto na wa pili vuguvugu, rejeta ya hita imeziba au vali yake imefunga. Yote miwili ikiwa vuguvugu, hutazamwa kiasi cha maji, baada ya injini kupoa, kwani kifuniko cha rejeta hakifunguliwi ikiwa ya moto. Maji yakipungua hewa hukaa mahali pake, na hewa haichukui joto la kutosha. Yakiwa kamili, na geji haipandi, hushukiwa themostati.

Hapa ndipo tafsiri huweza kumpoteza mtu. Themostati ni mlango wa maji ambao katika motokaa nyingi hufunguka baina ya nyuzi 80 na 95 hivi. Ukiandika "themostati imekwama" ukanyamaza, fundi wa nchi ya joto ataelewa kwamba imekwama ikiwa imefungwa na injini inachemka. Dawa anayoijua ni kuing'oa na kuitupa. Kwetu madhara ya dawa hiyo hayaonekani upesi. Lakini fikirini familia ya Kikongo izungumzayo Kiswahili, iliyohamia Minnesota na kununua gari kuukuu. Kwao kuing'oa themostati ndiko kunakoleta ugonjwa wenyewe, kwani maji huzunguka bila kizuizi na injini haipati joto la kuazima. Kwa hiyo mfasiri hana budi kuandika "imekwama ikiwa wazi" au "imekwama ikiwa imefungwa", hata kama sentensi itarefuka. Tena neno wazi lina mtego wake: mlango wa maji ukiwa wazi maji hupita, lakini saketi ya umeme ikiwa wazi umeme haupiti. Tumeona maelezo ambamo maana hizo mbili zimewekwa katika aya moja pasipo kutofautishwa.

Kuhusu majina ya sehemu, sisi tunapendelea "rejeta ya hita", ambalo mafundi wanalitumia na ambalo linaeleza kazi yake. "Moyo wa hita" ni tafsiri ya neno kwa neno. Moyo husukuma, na chombo hiki hakisukumi chochote. Yale yanayopendekezwa badala ya hita, yaani kipasha joto na kikanza, hayana ubaya majumbani, ila katika gereji hayana mwenyewe.

Linalobaki gumu ni motokaa ya umeme. Mota yake haipotezi joto jingi kama injini, hivyo hita ya kuazima haitoshi. Baadhi hutumia waya za kuzalisha joto kwa umeme wa betri, jambo linalopunguza masafa ya safari; nyingine, kama Nissan Leaf tangu mwaka 2013 na Tesla Model Y tangu mwaka 2020, zimetumia mtambo unaofanya kazi kama jokofu lililogeuzwa, ukivuta joto kutoka hewa ya nje hata ikiwa ya baridi. Wengine wameanza kuuita "pampu ya joto". Jina hilo linaweza kufaa, mradi msomaji asidhani ni pampu ya maji ya moto, ambayo motokaa hizo nyingi zinayo pia.