Dhana ya Uhalisia Pepe katika Filamu: Historia Yake na Suala la Istilahi

Miongoni mwa istilahi ambazo wafasiri huzitumia siku hizi bila kuzipima ni uhalisia pepe. Maana yake ya kiufundi inafahamika: ni mazingira yaliyoundwa kwa kompyuta, ambayo mtu huyaingia kwa kuvaa chombo machoni na kujiona yumo ndani yake. Hata hivyo dhana hii haikukuzwa na mafundi peke yao. Watunzi wa filamu za watu wazima, yaani filamu zilizokusudiwa watazamaji waliokomaa, waliitafakari kabla jina lake halijaenea. Makala haya yanakusudia kuifuata historia hiyo kwa ufupi, kisha kuipima istilahi tuliyo nayo.

Jina na Chombo

Katika Ulaya jina lilitangulia chombo. Mfaransa Antonin Artaud, katika kitabu chake cha 1938 juu ya sanaa ya jukwaani, alilitumia kuuelezea ulimwengu unaoumbwa na mchezo wa kuigiza. Mwaka 1962 Morton Heilig, mtengenezaji wa sinema wa Marekani, alipata hataza ya mashine iliyompa mtazamaji mmoja picha, sauti, harufu, upepo na kiti kinachotikisika. Mwaka 1968 Ivan Sutherland alionyesha chombo cha kuvaa kichwani kilichounganishwa na kompyuta. Jina na chombo vilikutana baadaye, katika miaka ya mwisho ya 1980, Jaron Lanier alipolieneza jina hilo kwa vyombo vya namna hiyo.

Dhana katika Filamu

Wakati huo filamu zilikwisha kutangulia. Mwaka 1973 Rainer Werner Fassbinder aliitengenezea televisheni ya Ujerumani Magharibi filamu ya sehemu mbili, Welt am Draht, kutokana na riwaya ya Mmarekani Daniel F. Galouye ya 1964. Mhusika mkuu, Fred Stiller, anasimamia mji mzima uliomo ndani ya kompyuta, na wakazi wake hawajui kwamba hawana miili. Wakubwa wa viwanda vya chuma wanataka mji huo uwatabirie soko. Mwishowe Stiller anagundua kwamba hata yeye ni mkazi wa mji wa namna hiyo hiyo. Hofu yake haipungui kwa sababu hiyo, bali inazidi.

Brainstorm ya Douglas Trumbull (1983) ilileta jambo jingine: chombo kinachonasa hisia za mtu mmoja na kumpa mwingine. Mtu mmoja anaugua kwa kurudia rudia hisia za tendo la ndoa zilizonaswa. Katika Strange Days ya Kathryn Bigelow (1995), hisia za namna hiyo zinauzwa kwa magendo katika mitaa ya Los Angeles, na mwuaji anamlazimisha mhanga wake auone mwisho wake kwa macho ya yule anayemwua.

Mwaka 1999, katika muda wa miezi mitatu tu, zilitoka The Matrix, eXistenZ ya David Cronenberg na The Thirteenth Floor, ambayo chanzo chake ni riwaya ile ile ya Galouye. Katika The Matrix, anayekufa ndani ya ulimwengu wa kompyuta hufa na mwili wake pia. Filamu hizi zote, kwa njia mbalimbali, zinashikilia neno moja: mahali hapapo, lakini athari ipo.

Suala la Istilahi

Hapa ndipo istilahi yetu inapodai kuangaliwa. Neno la Kiingereza linalofasiriwa kwa pepe lina mzizi wa Kilatini, virtus, wenye maana ya nguvu au uwezo. Hutaja kitu kitendacho kazi ya kitu fulani ingawa si kitu hicho chenyewe. Kwetu, mkulima wa mpunga huita pepe punje isiyo na kiini, ambayo hupeperushwa na upepo wakati wa kupepeta. Kwa hiyo neno la Kilatini lasema kuna nguvu pasipo umbo, na neno letu lasema kuna umbo pasipo nguvu. Mfasiri akiishika maana ya shambani, atamfanya Stiller kuwa mtu anayelilia makapi.

Hata hivyo hatuoni sababu ya kulitupa neno hili. Barua pepe imekwisha kulipanua: ni barua isiyo na karatasi, nayo hufika, hujibiwa na huweza kumfukuzisha mtu kazi. Maana hiyo mpya ndiyo inayofaa kushikwa.

Tatizo kubwa zaidi limo katika neno la kwanza. Uhalisia ni istilahi ya uhakiki wa fasihi, nayo hutaja mtindo wa kuyasawiri maisha kama yalivyo. Mwanafunzi akisoma kuhusu filamu ya uhalisia pepe, aweza kudhani inasemwa filamu iliyoshindwa kuyasawiri maisha. Uhalisi, yaani hali ya kuwa halisi, haulewi utata huo.

Tunapendekeza basi uhalisi pepe, kwa fasili hii: mazingira yasiyokuwapo, yaliyoundwa kwa kompyuta, yenye athari iliyopo kwa anayeyaingia. Fasili isiyoitaja athari humwacha mwalimu, na hata mkaguzi wa filamu, akidhani kwamba linalotendeka humo halimgusi mtu. Wasomaji wenye maoni tofauti wanaombwa wayalete pamoja na mifano ya matumizi.