Pombe ya matufaha

Pombe ya matufaha (pia: saida) ni kinywaji chenye kileo kinachopatikana kwa kuchachusha juisi ya matufaha. Inajulikana hasa Uingereza, Ufaransa (Normandy na Brittany) na Hispania (Asturias). Nchini Marekani neno saida pekee huweza kumaanisha juisi mbichi isiyochujwa, hivyo ile yenye kileo huitwa saida kali.

Watu wengi huitengeneza nyumbani. Kwa anayeanza, jambo la kwanza ni kuchagua juisi, kwa sababu juisi isiyofaa haitachachuka vizuri hata ikitiwa hamira nyingi.

Kazi ya hamira

Hamira, hasa ya spishi Saccharomyces cerevisiae, hula sukari iliyomo katika juisi na kutoa alikoholi pamoja na gesi ya kaboni dioksidi. Juisi ya matufaha huwa na takriban gramu 100 hadi 120 za sukari kwa lita. Kwa kuwa gramu 17 hivi kwa lita hutoa asilimia 1 ya alikoholi, sukari hiyo ikiisha yote kinywaji hufikia asilimia 6 hadi 7 bila kuongezwa sukari nyingine.

Kusoma lebo

Juisi ya dukani inafaa ikiwa lebo yake inaonyesha yafuatayo:

* Ni juisi kwa asilimia 100. "Kinywaji cha matufaha" mara nyingi ni maji, sukari na ladha.
* Haina potasiamu sorbati wala sodiamu benzoeti. Vihifadhi hivi huwekwa makusudi kuzuia hamira na kuvu visikue.
* Vitamini C (asidi askobiki) haina madhara kwa uchachushaji.
* Juisi iliyopashwa moto kiwandani inafaa, kwa kuwa joto huua vijidudu lakini haliachi kitu cha kuzuia hamira itakayotiwa baadaye.
* Juisi iliyotokana na juisi nzito na kurudishiwa maji inafaa pia.

Ladha

Juisi nyingi za madukani hutokana na matufaha ya kula, yenye tanini kidogo. Pombe yake huwa nyepesi na kali kidogo mdomoni. Katika Somerset na Herefordshire nchini Uingereza hupandwa aina maalumu za matufaha, zenye tanini nyingi, kwa ajili ya saida. Baadhi ya watengenezaji wa nyumbani huongeza chai ya rangi iliyokolea ili kufidia upungufu huo.

Usalama

Juisi mbichi ina ladha nzuri, lakini inaweza kubeba bakteria hatari. Mwaka 1996 nchini Marekani, juisi ya matufaha isiyopashwa moto ilisababisha mlipuko wa ugonjwa wa E. coli O157:H7, na mtoto mmoja alifariki. Matufaha yaliyooza yasitumiwe, kwani kuvu wake huweza kutoa sumu iitwayo patulini.

Wakati wa kuchachuka, chombo kisizibwe kabisa. Gesi ipate njia ya kutoka. Pombe ikitiwa katika chupa za kioo na kufungwa kabla sukari haijaisha, shinikizo la gesi huweza kupasua chupa na kujeruhi watu. Haidromita hutumika kuhakikisha: kipimo kisipobadilika kwa siku kadhaa, uchachushaji umekwisha.

Sheria kuhusu utengenezaji wa pombe nyumbani hutofautiana kati ya nchi na nchi.