Kitabu cha Kiada na Uhai wa Lugha: Uchapishaji wa Kielimu wa Watibeti Uhamishoni India

Historia ya kuhifadhi utamaduni wa Watibeti aghalabu husimuliwa kupitia mahekalu na viongozi wa dini. Makala haya yanadai kuwa kitabu cha darasani kinastahili nafasi katika historia hiyo, kwani ndicho kipimo cha iwapo Kitibeti kitakuwa lugha ya maarifa yote au kitabaki lugha ya ibada na nyumbani.

Kabla ya 1959, uchapishaji wa Tibet ulitegemea zaidi vibao vya mbao vilivyochongwa kwa mkono. Nyumba ya uchapaji ya Derge, iliyoanzishwa 1729 katika eneo la Kham, ilipata sifa kwa kuchapa Kangyur na Tengyur, mikusanyo mikuu ya maandiko ya Kibudha. Walengwa wakuu wa kazi hiyo walikuwa watawa na wanazuoni, si watoto wa shule.

Hali ilibadilika Dalai Lama alipokimbilia India Machi 1959 na maelfu ya watu wakamfuata. Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru aliridhia kuwapo kwa shule mahsusi za watoto wao. Ya kwanza ilifunguliwa Mussoorie mwaka 1960, na mwaka uliofuata serikali ya India iliunda chombo cha kuzisimamia.

Kazi mbili zilijitokeza. Ya kwanza ilikuwa kuokoa maandiko. Maktaba ya Kazi na Nyaraka za Kitibeti ilianzishwa Dharamsala mwaka 1970. Aidha, chini ya sheria ya Marekani nambari 480, sehemu ya rupia ambazo India ililipia ngano ya Marekani ilitumiwa kununulia maktaba za Marekani vitabu vilivyochapwa India. E. Gene Smith, aliyejiunga na ofisi ya Maktaba ya Bunge la Marekani mjini New Delhi mwaka 1968, alihimiza matini zilizobebwa na wakimbizi zichapwe upya. Soko hilo la mbali liliziokoa kazi nyingi adimu.

Kazi ya pili, yaani kumwandikia mtoto, ilikuwa ngumu zaidi. Tahajia ya Kitibeti imehifadhi matamshi ya kale: neno la nane huandikwa kwa herufi zinazonukuliwa brgyad, lakini mjini Lhasa hutamkwa takriban gye. Isitoshe, wakimbizi walitoka Ü-Tsang, Kham na Amdo, wenye lahaja zinazotofautiana sana. Istilahi za sayansi nazo zilipaswa kuundwa. Wakati huohuo shule zilifuata mtaala wa India. Masomo mengi yalifundishwa kwa Kiingereza, na Kitibeti kikawa somo mojawapo. Sera ya elimu ya msingi iliyopitishwa na uongozi wa uhamishoni mwaka 2004 ililenga kuigeuza hali hiyo kwa kukifanya Kitibeti lugha ya kufundishia, kuanzia madarasa ya awali na kupanda hatua kwa hatua.

Tofauti ya kazi hizi mbili ina uzito kisera. Maandiko ya kale yaliweza kuokolewa kwa fedha na mashine za uchapaji. Kitabu cha kiada kinahitaji zaidi ya hayo: sera, istilahi, walimu, na mtihani unaotambua lugha yake. Pale mtihani wa mwisho unapofanywa kwa lugha nyingine, mzazi huwa na sababu ya kuichagua lugha hiyo, hata kama rafu za maktaba zimejaa urithi wake.