Neno Lililokaa Moyoni Kabla ya Kushikwa Mkononi



Katika Kumbukumbu la Torati (6:6-9) Musa anawaagiza Waisraeli wayaweke maneno ya Mungu mioyoni mwao, wawafundishe watoto wao, na kuyazungumza wakiwa nyumbani na wakiwa njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Walioagizwa hivyo hawakuwa na kitabu nyumbani. Neno lilipaswa kukaa moyoni kwanza. Juma hili tutazame jinsi agizo hilo lilivyotimizwa na wazee wetu wa pwani hii na wa milima yetu ya Usambara, kisha tujiulize sisi tumelifikisha wapi.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Wakristo wa kwanza wa pale walikuwa hasa watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto. Siku yao iligawanywa kati ya sala, masomo na kazi za mikono. Baadaye familia za Wakristo hao zilifuatana na mapadre kuanzisha misheni mpya: Mhonda mwaka 1877, na Mandera, ng'ambo ya kusini ya mkoa wetu, mwaka 1881. Huku milimani, Watrapisti walifika Gare mwaka 1897 wakiwa na kanuni yao ya kale ya sala na kazi.

Wakristo hao wa mwanzo hawakuwa na Biblia ya kusoma nyumbani. Walikuwa na Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki, Amri za Mungu na Rozari, navyo vyote vilikuwa vichwani. Mtu alivibeba popote alipokwenda, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Hapa haki yatudai tuwashukuru ndugu zetu wa madhehebu mengine. Kazi ya kuyaweka Maandiko katika Kiswahili ilitangulia mikononi mwao. Ludwig Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844. Askofu Edward Steere wa Waanglikana aliifanya kazi hiyo Zanzibar, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1891, baada ya kifo chake. Misheni ya Magila, hapo chini ya milima yetu ya Amani, ilikuwa miongoni mwa misheni za kanisa lake. Karl Roehl, Mlutheri aliyewahi kutumika Usambara, alitoa tafsiri yake mwaka 1937. Sisi Wakatoliki tulikula matunda ya shamba ambalo wengine walitangulia kulilima.

Tukumbuke pia historia ya mkonge. Richard Hindorf aliuleta zao hilo mwaka 1893, na mashamba yakaenea katika nchi ya Tanga. Mikono ya kuyafanyia kazi ilitafutwa mbali: Songea, Rwanda, Burundi na kwingineko. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda Silabu, ofisi ya kuwaandikisha vibarua hao. Watu waliwaita manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Kazi yake iliandikwa katika kipande chenye nafasi za siku 30, na mshahara ulisubiri kipande kijae.

Baadhi ya watu hao walitoka katika nchi zilizokwisha kupokea Injili. Peramiho, kwa mfano, ilianzishwa na Wabenediktini mwaka 1898. Mtu aliyebatizwa huko alijikuta katika kambi ya mkonge, mbali na kwao, mahali ambapo padre hakufika kila Jumapili. Imani yake ingetegemea nini? Ilitegemea zile sala alizozishika kwa moyo, na katekista, au mzee mwenye kumbukumbu njema, aliyeziongoza. Msimamizi alimwita kwa namba. Katika sala alikumbuka kwamba Mungu amemwita kwa jina lake, na kwamba yeye ni wake (Isaya 43:1). Mashamba ya milimani nayo yaliwakusanya watu wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha ambayo mgeni na mwenyeji waliweza kusali pamoja.

Basi Tanga ilipofanywa Prefektura ya Kitume mwaka 1950, na kisha Jimbo mwaka 1958 chini ya Askofu Eugène Arthurs wa Shirika la Warosmini, Kanisa halikuanzia patupu. Lilijengwa juu ya magoti ya watu hao.

Kisha likaja jambo kubwa. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati iitwayo Dei Verbum, ulitaka waamini wote wafunguliwe mlango mpana wa Maandiko Matakatifu. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, katika shirikisho lao la AMECEA, waliziweka Jumuiya Ndogondogo za Kikristo mbele katika kazi ya kichungaji. Kutoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini tulipata njia ya hatua saba: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia neno lililotugusa, kukaa kimya, kushirikishana, kupanga tendo la kufanya, na kusali. Agano Jipya la Habari Njema, lililotafsiriwa kwa ushirikiano wa madhehebu, lilitoka mwaka 1977, na Biblia nzima katika miaka ya 1990. Mwaka 2019 Papa Fransisko akaweka Dominika ya Neno la Mungu. Kitabu kimeingia nyumbani.

Lakini je, kimeingia moyoni? Ndugu zangu, yapo makabati ambamo Biblia imefunikwa kitambaa kizuri, ikisubiri zamu ya Jumuiya kusali katika nyumba hiyo. Wazee wetu walikuwa na Neno bila kitabu. Itakuwa huzuni kubwa ikiwa sisi tutakuwa na kitabu bila Neno.

Wachumaji wa chai wa Amani wanaweza kutufundisha. Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi, kisha husonga mbele. Baada ya siku chache hurudi kwenye kichaka kilekile na kukuta kimechipua tena. Kapu hujaa kwa kurudi mara nyingi. Ndivyo ilivyo kwa Maandiko.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila jioni baba au mama asome mistari michache ya Injili ya Dominika ijayo, watoto wakisikiliza. Pili, kila mmoja ashike sentensi moja tu, aende nayo shambani, sokoni au shuleni, kama Mama Maria aliyeyaweka mambo yote moyoni mwake (Lk 2:19). Tatu, katika Jumuiya tusiiruke ile hatua ya sita, yaani tendo. Neno lililosomwa bila mgonjwa kutembelewa, wala waliokosana kupatana, bado halijamaliza safari yake.

Tuombe: Ee Bwana, uliyewaita kwa majina watu walioitwa kwa namba, liandike Neno lako mioyoni mwetu, ili tulipolala na tulipoamka tuwe wako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakia juma lenye baraka.