Unabugia Chapo Sita Usiku Kisha Unajitapisha? Soma Hii

Kama umelelewa Nyeri, Karatina ama Nanyuki, hizi salamu unazijua. Ukinona, shosho anafurahi, anasema maisha inakuendea poa. Ukikonda unaulizwa kama uko mgonjwa, na kuna wazae bado wanawaza ukimwi. Lakini ukishika simu, huko kila mtu anataka kiuno cha Instagram. Uko katikati, na mukimo iko mezani.

Hapo ndipo wasee wengine wanaanza kugombana na msosi. Kuna anoreksia: unajinyima, na hata ukibaki mifupa, kioo bado kinakuonyesha mnono. Kuna bulimia: unabugia dishi mob, kisha unajitapisha ama unameza dawa ya kuharisha. Halafu kuna kula bila breki na bila kutapika, mpaka tumbo linauma na unajichukia. Hii ya mwisho, madaktari wa akili Marekani waliipa nafasi yake kamili kwa kitabu chao cha magonjwa 2013 tu.

Bulimia ndiyo inatuponyoka, juu mara nyingi mtu ana mwili wa kawaida. Mnakula choma naye Kamakwa, anacheka, kisha anapotea choo. Asidi ya tumbo inakula meno yake, mashavu yanafura karibu na taya. Kile hauoni ni potasiamu kushuka kwa damu, na ikishuka sana moyo unaweza kusimama. Na zile chai za kupunguza tumbo zenye sena? Zinakuharisha maji, mafuta yanabaki pale pale.

Usijiambie hauna nidhamu. 1944 hadi 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota kilipunguzia wanaume 36 wenye afya chakula kwa karibu miezi sita. Wakaanza kuota msosi na kusoma vitabu vya mapishi. Waliporudishiwa chakula, wengine walikula kupita kiasi na bado wakahisi njaa. Kwa hivyo zile chapo sita za usiku mara nyingi zinaanzia kwa breki na lunch uliyoruka.

Ndiyo maana tiba haianzi na dayeti mpya. Unakula kwa saa, mara tatu na kitu kidogo katikati, githeri na waru zikiwemo, huku ukiongea na mshauri. Kama mgonjwa bado anakaa kwao, wazazi wanasimamia sahani kwa muda, bila vitisho. Ila mtu aliyekonda sana na hajakula siku mob, msimjazie sahani ghafla. Fosfeti ya damu inaweza kuporomoka. Apelekwe hospitali kwanza.

Nyeri, anzia hospitali ya rufaa ya kaunti, uulize kitengo cha afya ya akili. (Mathari ya huku ni ya Consolata, hospitali ya kawaida, si ile ya Nairobi, so wachana na vicheko.) Ukitaka kuongea na mtu kwanza, Msalaba Mwekundu wako 1199, bila malipo.

Na kama ni beste yako, usimwambie "si ukule tu". Mwambie umeona anapotea baada ya msosi na uko tayari kumsindikiza kliniki. Mwili wake usiuongelee kabisa, hata kumsifu amekonda.