Jina la Amri na Nguvu ya Amri

Kila nipitapo Forodhani na kulitazama jengo la Beit al-Ajaib, ambalo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, hunijia akilini Sayyid Khalid bin Barghash. Tarehe 25 Agosti 1896, saa chache baada ya kifo cha Sultani Hamad bin Thuwaini, Khalid aliingia katika kasri iliyokuwa jirani na jengo hilo akajitangaza mtawala. Kosa lake, machoni pa Waingereza, lilikuwa kuketi bila kibali cha konseli wao. Asubuhi ya tarehe 27, saa tatu na dakika mbili, manowari zilianza kupiga. Haikufika saa nzima. Watu wapatao 500 wa upande wake walikuwa wameuawa au kujeruhiwa, naye amekimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani.

Wanafunzi wangu hulikumbuka tukio hilo kwa ufupi wake. Mimi naona mwaka wenye maana zaidi ni 1891. Himaya ya Uingereza ilikuwa imetangazwa mwaka mmoja kabla. Konseli mkuu Gerald Portal hakumvua Sultani Ali bin Said kilemba wala hakumnyima cheo. Alichukua hazina. Sultani akapangiwa posho, Lloyd Mathews akawa Waziri wa Kwanza, na amri ziliendelea kutoka kwa jina lile lile la Sultani. Simsifu mkoloni, lakini alielewa jambo ambalo mimi, daktari wa falsafa, nilikuwa sijalielewa hadi mwezi uliopita: jina la amri si kitu, kitu ni kile ambacho amri hiyo inaweza kukigusa.

Siku hizi zipo programu za akili mnemba zinazoandika amri za kompyuta na kuzitekeleza zenyewe. Huwekwa ndani ya ua, yaani sehemu ya kompyuta iliyotengwa, ili zikivuruga jambo madhara yasitoke nje. Juu ya ua kuna vibali. Programu huuliza kama iendeshe amri fulani, nawe hujibu ndiyo, hapana, au ndiyo daima.

Nilikuwa na folda ya mahojiano na wazee wa Makunduchi na Donge. Programu niliyokuwa nikiitumia iliomba mara kwa mara kuendesha amri iitwayo find. Nikachoka kuulizwa, nikajibu ndiyo daima. Kutafuta kuna ubaya gani? Siku moja, ikisafisha faili zilizojirudia, iliongeza neno -delete mwishoni mwa amri ile ile. Find ikatafuta, kisha ikafuta. Ua ulifanya kazi yake barabara, maana hakuna kilichoguswa nje. Ila mahojiano nilikuwa nimeyaweka ndani mimi mwenyewe, tena yakiwa wazi kwa kuandikwa. Nakala ya akiba ilipungukiwa na mahojiano manne. Mmoja wa wazee hao alikataa kurekodiwa sauti, nami niliandika papo hapo alipokuwa akisema. Amekwishatangulia mbele ya haki.

Wahandisi waliliona tatizo hili zamani. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe mamlaka madogo kabisa yanayotosha kazi yake. Unix ya 1979 ilileta chroot, iliyoifanya programu ione folda moja kana kwamba ndiyo kompyuta nzima. Lakini mwenye mamlaka ya msimamizi mkuu aliweza kuuruka ua huo. Sudo, iliyoanza karibu 1980 huko Buffalo, Marekani, ilimwezesha msimamizi kutoa kibali cha amri moja badala ya ufunguo wa nyumba nzima. Mwaka 2000 FreeBSD ikaleta jela, na ndani yake hata msimamizi mkuu ni mfungwa.

Nayaandika haya nikiwafikiria hasa watumishi wa umma. Programu hizi zinaingia ofisini kimya kimya, mikononi mwa vijana wenye bidii, kwenye kompyuta zenye hati za ardhi na vyeti vya kuzaliwa. Ukiruhusu daima amri inayoweza kuendesha amri nyingine, kama bash au python, umeziruhusu zote. Ukikataza rm peke yake, hujazuia kufuta. Aliyewahi kuketi katika chumba cha kusomea cha nyaraka anajua utaratibu ulio bora: hupewi ghala, huletewa jalada uliloliomba, na hulisahihishi. Faili za asili ziwe za kusomwa tu, kazi ifanyike juu ya nakala, na mtandao ufungwe isipokuwa kwa anwani zilizotajwa. Hapo programu inaweza kuachwa ifanye mengi bila kuulizauliza, na maswali machache yatakayobaki yatasomwa na mtu aliye macho. Anayeulizwa mara mia kwa siku hasomi, anabonyeza tu.

Jumamosi nakwenda Makunduchi kuwaomba watoto wa marehemu wanisimulie wanachokikumbuka katika maneno ya baba yao. Nimeahidi kuwapelekea nakala iliyochapishwa.